BONGO NA UYOGA WA VISIKI: TUKIKATA MSITU, NANI ANAFAIDI?

Leo tuwatazame viumbe wawili wa msitu. Mmoja tunakaribia kumpoteza. Mwingine yuko tele, ila wengi hatumjui.

Wa kwanza ni bongo wa milimani, mnyama wa jamii ya tandala. Rangi yake ni nyekundu ya udongo, na ubavuni ana mistari myeupe. Porini hapatikani popote duniani ila hapa Kenya: Aberdare, Mlima Kenya, Mau na Eburu. Waliobaki porini hawafiki 100. Wawindaji na mbwa wao wamemmaliza, na msitu wake umekatwa. Jike hubeba mimba kama miezi tisa, kisha huzaa ndama mmoja tu. Mwaka 2004 ilibidi bongo 18 waletwe kutoka Marekani, wazao wa wale waliokamatwa hapa kwetu zamani.

Wa pili ni uyoga ambao wataalamu huuita Armillaria. Huu hauna shida ya uzazi: hutoa mbegu nyingi mno, laini kama vumbi. Hula mizizi na visiki vya miti iliyokufa. Msituni una kazi yake, maana huozesha mbao zikarudi kuwa udongo.

Sasa hebu tuone tofauti. Tukikata mti, bongo anapoteza maficho na malisho. Uyoga nao unapata kisiki, yaani chakula cha miaka mingi. Ukipanda chai hapo, mizizi ya chai inagusa ile ya kisiki, na ugonjwa unavuka. Majani yanageuka manjano, mche unakufa, halafu jirani yake. Ukibandua gome karibu na udongo, utaona utando mweupe unaonuka uyoga. Mkulima analia amerogwa, kumbe ni kisiki!

Tufanye nini basi?

1. Msitu wa asili tusiuguse.
2. Mti wa shambani ukilazimika kuuondoa, kwanza babua gome kuzunguka shina, uuache ufe ukiwa umesimama. Hivyo chakula kilichomo mizizini kinaisha, na uyoga unakosa cha kula.
3. Ukishakauka, ukate, kisha ng'oa kisiki pamoja na mizizi minene, uichome.
4. Mche wa chai uliougua ung'olewe wote na mizizi yake. Usiukate juu tu.

Kumbuka, bongo akiisha hakuna kisiki atakachochipukia.