Kalenda ya Mombasa, Jua la Nyamira

Mtu wa pwani akisema anakwenda kukaa Kisii, swali la kwanza analoulizwa na jamaa zake ni atakula nini huko. Mimi niliulizwa na mama, na bibi, na shangazi, na hata muuza kahawa wa barazani, mwanzoni mwa mwaka 1988, nilipopata barua ya kwenda kufanya kazi ya ukarani katika afisi moja ya Nyamira. Nilifungiwa mbaazi kavu, achari ya ndimu, tende, na nazi kumi kikapuni. Juu ya yote hayo marehemu baba alinipa kalenda ya nyakati za swala iliyopigwa chapa Mombasa, akaniusia niitundike mahali nitakapoiona kila siku.

Ndugu msomaji, chakula walichoniogopea hakikunidhuru hata kidogo. Kalenda ndiyo iliyonigharimu siku nne za saumu.

Naeleza kisa hiki kwa sababu wana wetu wengi leo wako huko huko. Wapo wanaosoma katika Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopewa hati yake ya chuo kikuu kamili mwaka 2013, na wapo wanaofanya kazi katika kaunti hizo mbili, Kisii na Nyamira. Siku zangu mtu wa pwani kuonekana huko lilikuwa jambo la kuitana watoto waje watazame.

BARIDI YA IKWETA

Safari yenyewe ilikuwa ya usiku kucha hadi Nairobi, kisha kutwa nzima kupanda na kushuka. Baada ya Sotik barabara huingia katika vilima vilivyovaa kijani kibichi kutoka chini hadi kileleni: chai, migomba, mahindi, pareto, na nyumba katikati ya shamba la kila mtu. Hakuna mtaa wala kijiji kama tunavyokijua sisi, nyumba kutazamana na nyumba na baraza kati yake. Kila mtu yuko juu ya kilima chake, na jirani yako unamwona ng'ambo ya bonde akichuma chai.

Wengi wetu tukisikia ikweta tunafikiria joto. Nyamira iko karibu zaidi na ikweta kuliko Mombasa, kwani haitimizi hata nyuzi moja kusini mwake, hali Mombasa iko nyuzi nne. Lakini iko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mji wa Kisii wenyewe uko kiasi cha mita 1,700. Mimi nilikwenda na shuka mbili na kikoi. Usiku wa kwanza nililala na kanzu, na koti juu ya kanzu.

Mvua nayo ina desturi yake. Asubuhi jua huwaka vizuri, ukaanika nguo. Ikifika saa nane mchana mawingu yanaanza kupanda kutoka upande wa Ziwa Viktoria, maana upepo wa ziwani hubeba unyevu, na ukigonga vilima hauna budi kupanda, ukapoa, ukaumwaga. Saa tisa au saa kumi mvua inanyesha, mara nyingine mvua ya mawe inayochana majani ya chai. Tangu hapo hata usiku huenda usilione jua tena. Tafadhali likumbuke jambo hilo, nitalirudia.

BABA NI MAMA

Nilipanga chumba katika boma la mama mmoja mjane, mtu mzima, mwenye shamba dogo la chai. Siku ya pili mtoto alianguka uani akalia, "Baba! Baba!" Nikatoka mbio kumwambia kwamba baba yake hayupo, nikamkuta mama mtu anakuja amekunja kitambaa. Ndipo nilipojifunza kwamba katika Kigusii baba ni mama, na baba mwenyewe huitwa tata. Nilicheka peke yangu hata usiku.

Lakini ukishavuka mtego huo, lugha yenyewe ni ndugu. Mvua ni embura, maji ni amache, nyama ni enyama, nyumba ni enyomba, mgeni ni omogeni. Asubuhi watu husalimiana kwa bwakire, na jioni kwa bwairire. Nilipoanza kuamkia watu kwa maneno hayo, bei ya ndizi ilishuka bila ya mimi kuomba.

Chakula nacho kilikuwa na undugu wake. Ugali wa wimbi, ambao wenyewe huuita obokima, una rangi ya udongo, na mgeni huogopa kuutia mkono. Ukiuzoea, ule mweupe huuona kama hewa. Mboga yao kubwa ni chinsaga, chungu kiasi, inayopikwa muda mrefu na kutiliwa maziwa. Kumbe ndio mgagani wetu, ambao wengine pwani huuita mkabili-shemsi. Na rinagu ni mnavu. Mboga zile zile ambazo kwetu humea ukutani tukazipita, kule ni heshima ya mgeni.

Nazi zangu kumi zilizua kioja. Niliwaambia watoto wa pale kwamba nitapika mboga kwa kutumia mbuzi. Wakakaa uani wakingoja mbuzi aletwe. Nilipotoa kibao chenye ulimi wa chuma nikakikalia, walikwenda kuwaita na watoto wa kilima cha pili.

Katika nyumba ile sikupata tabu ya halali na haramu kama nilivyoogopeshwa. Mama mwenye nyumba alikuwa Msabato. Umisheni wa Kikatoliki ulifika Gusii mwaka 1911, na wa Wasabato ukafuata mwaka 1912 pale Nyanchwa, na hadi leo madhehebu hayo mawili ndiyo yenye wafuasi wengi huko. Wasabato hawali nguruwe, na pombe kwao imekatazwa. Mama huyu hakuwa akinywa hata chai, ingawa chai ndiyo iliyosomesha wanawe. Sufuria zake zilikuwa safi kuliko nyingi nilizowahi kulia.

SIKU NNE

Ramadhani ya mwaka ule iliingia Jumatatu, tarehe 18 Aprili, katikati ya masika. Nyamira sikuwa na Mwislamu mwenzangu niliyemjua, wala adhana ya kusikika. Nilikuwa na kalenda yangu ukutani na saa yangu mkononi. Kalenda ilisema Maghribi ni saa kumi na mbili na dakika ishirini na kitu. Nje mawingu yametanda, mvua inanyesha, giza limeshuka tangu saa kumi na moja. Ikifika dakika ile nasema bismillahi, naweka tende mdomoni, kisha naswali. Hivyo Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi.

Ijumaa mvua haikunyesha. Mama mwenye nyumba alikuwa na shughuli nyingi tangu mchana: kuteka maji, kupasua kuni, kupika chakula cha kesho, maana Sabato yao huanza jua la Ijumaa linapotua, na tangu hapo kazi hazifanywi. Nilikaa kizingitini na tende yangu. Dakika ikafika. Nikainua mkono.

"Karani," akaniita kutoka jikoni, "wewe si umefunga?"

"Nimefunga, Mama. Sasa nafuturu. Jua limeshatua."

Akatoka nje, akafuta mikono, akanionyesha kilima cha mashariki, si cha magharibi. "Limetua wapi? Tazama kule juu." Nikatazama. Migomba ya kileleni ilikuwa ingali inawaka jua.

"Jua likijificha nyuma ya kilima chetu bado halijatua," akasema. "Sisi hungoja mwanga uondoke kule juu kabisa. Mimi kuni zangu zingali nje. Kama lingekuwa limetua, ningekuwa nimeshakaa."

Tende niliishika mkononi dakika ishirini na kitu. Zilikuwa dakika ndefu sana, msomaji, kwa sababu sikuwa nikiifikiria njaa. Nilikuwa nikihesabu siku. Mwanga ulipanda migomba taratibu, ukafika kileleni, ukaondoka. Mama akaingiza kuni za mwisho, akafunga mlango wa jikoni, akasema, "Karani, sasa."

FATWA YA MJINI KISII

Siku ya pili yake nilipanda gari hadi mjini Kisii. Waislamu wa mji ule ni wa zamani. Serikali ya Kiingereza ilijenga kituo chake pale mwaka 1907, na askari wenye asili ya Sudani waliotumikia jeshi la Kiingereza walikaa wakazaa, na wajukuu zao, Wanubi, wako hadi leo, pamoja na Waswahili, Wasomali na Wahindi wenye maduka. Msikitini nilimkuta mzee mmoja wa Kinubi, nikamweleza habari yangu na kumwonyesha kalenda.

Hakunicheka. Aliitazama kalenda, akaitazama saa yangu, kisha akasema, "Hii ni kalenda nzuri sana, kwa mtu aliyeko Mombasa."

Akanieleza kwa maneno mepesi. Jua huchomoza kwanza baharini, ndipo lije bara, na jioni huwaaga kwanza watu wa baharini. Saa za serikali ni moja kutoka Lamu hadi Busia, lakini jua halikuandikwa serikalini. Dunia huzunguka uzi mmoja kwa kila dakika nne. Kutoka Mombasa hadi Nyamira ni karibu nyuzi tano kuelekea magharibi, basi ni kiasi cha dakika 20, zikiongezeka au kupungua kidogo kwa majira ya mwaka. Mwezi wa Aprili huzidi ishirini.

"Alfajiri kalenda yako haikukudhuru," akasema, "ilikufanya uache daku mapema tu. Jioni ndiyo iliyokuponza. Amri ni kufunga mpaka usiku uingie, si mpaka kalenda iseme."

Nikamuuliza hukumu ya zile siku nne. Akanipeleka kwa imamu, naye akanijibu kama tunavyosomeshwa vyuoni kwetu katika madhehebu ya Shafii: aliyefungua kwa kudhani jua limetua, kisha ikadhihiri kwamba halijatua, dhambi hana kwa dhana yake, lakini siku ile atailipa. Na swala za Maghribi nilizoziswali kabla ya wakati nazirudia vile vile.

Kila mwaka tunasikia mabishano ya mwezi, kama mwezi wa mji mmoja ni wa watu wote au kila mji una mwezi wake. Maswahaba wenyewe walipata kukhitalifiana: Kurayb alipotoka Sham na habari ya mwezi ulioonekana huko, Ibn Abbas akashika mwandamo wa Madina. Hayo tuwaachie wanavyuoni. Lakini kuhusu jua la kila siku hakuna mwanachuoni yeyote aliyesema mtu wa Kisii afuturu kwa jua la Mombasa. Khitilafu ile niliizua mimi peke yangu, kwa msumari mmoja ukutani.

Leo kalenda ziko ndani ya simu, nazo hukadiria nyakati kwa mahali ulipo. Ni neema kubwa. Lakini simu iliyowekwa Mombasa ikabebwa hadi Keroka bila ya kubadilishwa ni ile ile kalenda yangu, haina tofauti. Na redio ya nyumbani ukiifungulia ugenini ili usikie adhana ya kwenu, isikilize kwa mapenzi, usiifuate kwa tende. Mzazi anayempeleka mwanawe bara amfungie mbaazi na achari, wala si vibaya, lakini amwambie na neno hili pia: ukifika, uliza. Muulize Mwislamu wa pale akiwapo. Asipokuwapo, kuna mtu aliyezaliwa chini ya jua lile, naye analijua.

Ramadhani ilipokwisha, mama mwenye nyumba alinipa jogoo wa Idi. Alinikabidhi akiwa hai, na kisu juu yake, akasema amesikia kwamba sisi tuna namna yetu ya kuchinja. Nilichinja, yeye akapika, tukala wote kwa ugali wa wimbi, yeye na wanawe na mimi.

Kisha katika mwezi wa Shawwal nikalipa zile siku nne. Kalenda nilikuwa nimeshaiteremsha ukutani. Kila jioni nilikaa kizingitini nikitazama kilima cha mashariki, na siku za mawingu, nilipokuwa sioni kitu, niliongeza kungoja hata yakini iingie. Siku ya nne ilikuwa na jua. Mwanga ulipoondoka kileleni sikuinua mkono bado. Niligeuka kutazama mlango wa jikoni.

"Karani," akasema, "sasa."