Mwarobaini na Mkwaju: Miti ya Singida katika Tiba ya Ayurveda

Ayurveda, mfumo wa tiba ulioanza Bara Hindi zaidi ya miaka 2000 iliyopita, hufundisha kwamba mwili hutawaliwa na nguvu tatu, yaani vata, pitta na kapha, ambazo uwiano wake ukivurugika mtu huugua. Baadhi ya mimea yake imestawi pia mkoani Singida, ingawa huko hakuna anayeitaja pitta.

Mwarobaini, mti wenye asili ya Asia ya Kusini, umezoea nyanda kame za katikati ya Tanzania kwa sababu huvumilia ukame. Mganga wa Ayurveda huuhesabu kuwa dawa ya baridi inayotuliza pitta, nguvu ya joto, hasa katika maradhi ya ngozi. Vijijini, majani yake huchemshwa mpaka maji yakolee uchungu, mwenye homa akayanywa na mwenye upele akaogeshwa, huku majani makavu yakichanganywa na nafaka ghalani. Matumizi hayo ya mwisho, ambayo pengine ndiyo yanayosifiwa kidogo kuliko yote, yana msingi imara wa kisayansi, kwani mti huu, hasa mbegu zake, una azadirachtini, kemikali inayowakatisha wadudu hamu ya kula na kuvuruga kujivua gamba kwao. Kuhusu malaria, hakuna ushahidi wa kutosha kwa wagonjwa unaoruhusu maji hayo yashike nafasi ya kipimo cha zahanati na dawa mseto.

Mkwaju ulisafiri kinyume chake: asili yake ni Afrika, nao ulifika India zamani mno hata wengi wakaudhania kuwa wa huko. Ayurveda hutumia ukwaju kulainisha choo na kuamsha hamu ya kula. Kwetu tunda humenywa ganda, hulowekwa, hukamuliwa kwa vidole mpaka nyuzi na kokwa zijitenge, kisha maji yake hutiwa katika uji wa mtama au uwele, na hapo ni vigumu kusema chakula kimeishia wapi na dawa imeanzia wapi.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda baraza linalosajili waganga, lakini bibi anayewachemshia wajukuu majani uani hayumo katika daftari hilo, na huenda hajaambiwa kwamba mafuta ya mbegu za mwarobaini, tofauti na majani ya kuogea, yamewahi kuwasababishia degedege na vifo watoto wachanga walionyweshwa.