Kinyesi cha Kima na Mizigo ya Moyoni

Asubuhi katika Msitu wa Kakamega, upande wa Isecheno, mtafiti anaweza kusimama muda mrefu chini ya mti, shingo ameinua, akingoja kima mmoja ajisaidie. Kinyesi kikidondoka hukiwahi kikiwa bado kibichi, huchota kiasi kidogo, hukitia kwenye kichupa na kuandika tarehe, saa na jina la mnyama. Jina lazima, maana kima wa hapa wanajulikana mmoja mmoja kwa sura. Marina Cords wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, alianza kuwafuatilia mwaka 1979, na kwa miaka zaidi ya arobaini koo zao zimeandikiwa habari: nani kazaa, nani kamchambua nani manyoya, nani kamfukuza nani kwenye tunda.

Kinachotafutwa kwenye kichupa ni mabaki ya homoni za jamii ya kortisoli, ambazo hupanda mwili unapokabiliwa na jambo zito. Ini huzivunjavunja na mabaki yake hutoka na choo, kwa hiyo kinyesi cha leo husimulia hali ya mnyama tangu jana. Faida kubwa ya njia hii ni kwamba kima hasumbuliwi. Kumkamata na kumtoa damu kungemtia hofu, na hofu hiyo yenyewe ingepandisha kitu kile kile kinachopimwa.

Binadamu wa Kakamega ana mfumo huo huo. Mwanabodaboda anayetoka Lurambi kuelekea mjini akikutana ghafla na trekta la miwa lililovuka upande wake wa barabara, ubongo hauna muda wa kushauriana na mtu. Sehemu yake ya ndani iitwayo haipothalamasi hutoa amri mara mbili. Amri ya kwanza hupitia neva, na kabla hajamaliza kusema “mama yangu!” adrenalini imeshamwagika na moyo unapiga mbio. Ya pili huenda polepole kidogo: hushuka kwenye tezi ya pituitari, kisha kwenye tezi za adrenali zilizoketi juu ya figo, na baada ya dakika chache kortisoli inapanda. Sukari huachiliwa kwenye damu ili misuli ipate nguvu. Kazi zinazoweza kungoja, kama kusaga chakula tumboni, husukumwa kando. Trekta likishapita, kortisoli yenyewe huurudia ubongo na kuuarifu kwamba yametosha, na mwili hutulia.

Taabu huanzia pale hatari inapokuwa haipiti. Karo ya muhula haipiti kama trekta. Wala haipiti arifa ya simu inayomwambia mama mboga kwamba pesa alizotumiwa na mteja zimekatwa zote kulipa mkopo wa simu wa Fuliza aliouchukua juzi. Mwili huzijibu habari hizo kwa silaha zile zile za kukimbia simba, ila hapa hakuna pa kukimbilia, na kesho yake ujumbe mwingine unaingia. Kortisoli ikikaa juu kwa wiki na miezi, usingizi huharibika, shinikizo la damu hupanda, kinga hudhoofika, na ile sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu hupata shida. Mtu husahau ufunguo mlangoni, hufokea watoto kwa jambo la bure, kisha hulala macho akijilaumu kwa kuwafokea.

Kenya imechangia pakubwa katika kuielewa hali hii, na si kwa kima pekee. Robert Sapolsky, mwanasayansi wa Marekani, alianza kuchunguza nyani wa Maasai Mara mwaka 1978. Yeye alitumia vishale vya usingizi, na ilimbidi atoe damu haraka kabla homoni hazijapanda kwa sababu ya kishale. Katika makundi yenye ngazi za ubabe, madume ya chini, yanayopigwa na kunyang’anywa kila siku, yalikuwa na kortisoli nyingi hata wakati wa mapumziko. Halafu katikati ya miaka ya 1980 likatokea jambo ambalo hakuna mtafiti angelipanga. Madume makorofi ya kundi moja yalizoea kwenda kugombania mabaki ya nyama kwenye jalala la hoteli ya watalii. Nyama hiyo ilikuwa na kifua kikuu, na wagomvi hao wakafa. Waliobaki, majike wengi na madume wapole, waliishi kwa utulivu zaidi, wakichambuana na kukaa karibu karibu, na madume ya chini hayakuonyesha tena dalili zile za mateso. Ajabu zaidi, madume mageni yaliyohamia miaka mingi baadaye yalijifunza adabu hiyo ya kundi. Sapolsky na Lisa Share walichapisha habari hiyo mwaka 2004.

Mtu angedhani basi kwamba dawa ni marafiki, na wengi tu. Kima wa Kakamega wanakataa jibu jepesi namna hiyo. Mwaka 2018 Nicole Thompson na Cords walichapisha uchambuzi wa uhai wa majike wa msitu huu wakilinganisha urafiki wao. Urafiki mzito peke yake haukuongeza maisha. Waliokuwa hatarini zaidi kufa ni wale walioshikamana sana na wenzao lakini wenzao hao wakawa wanabadilika kila mara: leo huyu, mwaka kesho mwingine. Kujenga urafiki ni kazi yenye gharama, na anayeijenga upya kila msimu hulipa gharama hiyo mara nyingi bila kukaa aufaidi. Kima si binadamu, na matokeo ya mnyama mmoja hayahamishwi hivi hivi hadi sokoni Khayega. Hata hivyo hoja yake inafaa kutunzwa akilini, kwa sababu utafiti uliofanyiwa watu katika ukanda huu unaelekea kulekule.

Kabla ya kufika huko, lazima pesa zizungumzwe. Makala nyingi za afya ya akili humshauri msomaji anywe maji, atembee na kuwaza mema, kana kwamba msongo huota kichwani mwake kama uyoga. Mkulima wa Mumias ana habari nyingine. Muwa huchukua mwaka mmoja na nusu au zaidi shambani, na muda wote huo mtu anakopa akitazamia mavuno. Kampuni ya sukari ya Mumias, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa uti wa mgongo wa uchumi wa magharibi, ilikwama ikiwa na madeni ya wakulima na mwaka 2019 ikakabidhiwa meneja mrasimu. Familia iliyokuwa imeahidi shule malipo ya miwa haikuhitaji mashine ya kupima homoni ili ijue inaumwa wapi.

Lakini mashine zipo, na zimetumika. Huko Kianyaga, kaunti ya Kirinyaga, watafiti walipima mate ya wakulima na kuyalinganisha na rekodi za mvua. Mvua ilipopungua, kortisoli ya wakulima ilipanda, na zaidi kwa wasio na kazi nyingine nje ya shamba. Utafiti huo wa Matthieu Chemin, Joost de Laat na Johannes Haushofer ulitolewa mwaka 2013. Karibu zaidi na Kakamega, huko Rarieda katika kaunti ya Siaya, shirika la GiveDirectly lilizipa familia maskini zilizochaguliwa kwa kura pesa zisizo na masharti, kupitia M-Pesa, kati ya mwaka 2011 na 2013. Waliopokea walieleza furaha zaidi na mashaka machache. Kortisoli kwa ujumla haikushuka, ila ilikuwa chini pale fedha zilipokuwa nyingi, zilipotolewa kwa mkupuo, au zilipoingia kwenye simu ya mwanamke.

Hapa ndipo wanasayansi wenyewe wanapotofautiana. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo mafupi ya kukabiliana na msongo yaitwayo PM+, yanayotolewa katika vikao vitano na watu wasio wataalamu wa akili. Mwanafunzi hufundishwa kuvuta pumzi polepole, kuchagua tatizo moja linalotatulika na kulishughulikia, kurudia shughuli alizoziacha na kutafuta watu wa kumwegemea. Katika mitaa ya Nairobi, wanawake 421 waliowahi kudhulumiwa walishiriki jaribio la mpango huo, na matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba walioupata walipungukiwa na dhiki kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Miaka mitatu baadaye Haushofer na wenzake walitoa jaribio kubwa zaidi, la watu 5,756 wa vijijini Kenya, lililoweka vikao hivyo na pesa taslimu kwenye mizani moja. Baada ya mwaka mmoja, waliopewa pesa walikuwa na hali njema zaidi ya moyo. Kwa waliopewa vikao peke yake hakuna badiliko lililopimika.

Wapo waliosoma matokeo hayo na kuona kwamba mazungumzo ni porojo. Hiyo ni haraka. Wanawake wa Nairobi walitafutwa kwa sababu walikuwa na dhiki, na walipimwa miezi mitatu baadaye. Wanakijiji walichukuliwa wengi wao wakiwa wazima, na wakapimwa mwaka mzima ukiwa umepita. Tena vikao vya PM+ ni vya mtu na mshauri wake. Vikiisha, mshauri anakwenda zake.

Linganisha na yaliyotokea ng’ambo ya mpaka. Katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, watu wenye sonona waliwekwa katika vikundi, wanawake kwao na wanaume kwao, wakakutana kila wiki kwa miezi minne chini ya kiongozi kutoka eneo lao. Sonona ilipungua kwa kiasi kikubwa, kama ilivyoripotiwa mwaka 2003. Vikundi kadhaa viliendelea kukutana hata baada ya watafiti kufunga virago. Bungoma, kaunti jirani ya Kakamega, nayo ilikuwa sehemu ya jaribio lililofanywa pamoja na Moshi, Tanzania, kwa watoto 640 waliofiwa na wazazi. Vikundi viliongozwa na watu wa kawaida waliopewa mafunzo na kusimamiwa, na watoto walirudi wiki baada ya wiki, wakiwa na wenzao wale wale, hadi waweze kusimulia kifo nyumbani bila mwili kutetemeka.

Kakamega haina upungufu wa mikutano ya namna hiyo. Tatizo ni kwamba hakuna anayeihesabu kuwa tiba. Chama cha akina mama kinachokutana kila Alhamisi kuchangishana mia mbili mbili kina sifa zote mbili zilizotajwa: pesa kidogo na watu wale wale. (Kina pia uwezo wa kuongeza msongo, kama anavyojua yeyote ambaye zamu yake ya kuchanga ilimkuta hana kitu.) Matanga nayo hukusanya kijiji kwa siku kadhaa, na mfiwa haachwi alale peke yake, ingawa gharama ya kuwalisha waombolezaji imezamisha familia nyingi kwenye madeni.

Kisha kuna Isukuti. Ngoma hii ya Waisukha na Waidakho, inayopigwa kwa seti ya ngoma kubwa, ya kati na ndogo, iliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Huchezwa kwenye arusi, kuzaliwa, jando na hata mazishini, na anayeitazama kwa karibu huona mabega ya watu ishirini yakitikisika kwa pigo moja, jasho likiwatoka, mzee wa miaka sabini akiwa hana habari na goti lake. Robin Dunbar wa Oxford na wenzake walichapisha mwaka 2012 majaribio yaliyoonyesha kwamba watu waliomaliza kuimba, kucheza au kupiga ngoma huweza kustahimili maumivu zaidi kuliko waliokaa kusikiliza muziki tu. Wanaeleza kwamba mwili huachilia endofini, kemikali zake wenyewe za kupoza maumivu. Hawakuwapima Waisukha, lakini mzee yule hangeshangaa.

Kwa saa ambayo hakuna chama wala ngoma, iko pumzi. Moyo huongeza mwendo kidogo mtu avutapo hewa na kuupunguza aitoapo, kwa kazi ya neva iitwayo vagasi. Ndiyo sababu kutoa pumzi taratibu, kwa muda mrefu kuliko kuivuta, hushusha mapigo. Watafiti wa Stanford waliripoti mwaka 2023 kwamba watu waliofanya hivyo dakika tano kila siku kwa mwezi mmoja walichangamka kuliko waliotumia muda huo katika tafakuri ya kimya. Mwanabodaboda anaweza kulifanya zoezi hilo stejini akingoja abiria, na hakuna atakayejua. Halilipi karo, lakini humrudishia kichwa cha kuipigia hesabu.

Kuna kiwango ambacho pumzi na marafiki havitoshi. Mtu akikaa wiki mbili bila kufurahia chochote, usingizi na hamu ya chakula vimepotea, au akianza kuwaza kwamba afadhali afe, hapo hajachoka tu. Anaumwa, na anastahili kituo cha afya kama mwenye malaria. Tangu Septemba 2023 Kenya ina wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wanaolipwa posho na kuzunguka nyumba kwa nyumba, na kwa familia nyingi za vijijini wao ndio mlango wa kwanza. Shirika la Msalaba Mwekundu hupokea simu bila malipo kwa nambari 1199. Kikwazo kimoja cha kisheria nacho kimeondoka: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Kabla ya hapo, aliyeokolewa na kufikishwa hospitalini angeweza kutoka wodini akaingia kizimbani, na jamaa zake walikuwa na kila sababu ya kumdanganya daktari kuhusu kilichotokea.