Mbegu na Udongo: Usambaaji wa Saratani na Jukumu la Kiswahili

Utangulizi

Katika mitaa ya Kisauni, kama kwingineko Mombasa, si ajabu kusikia kwamba fulani aliugua saratani ya matiti na sasa ameshikwa na ya mifupa. Kauli hiyo huwafanya jamaa wadhani kwamba mgonjwa amepatwa na ugonjwa wa pili. Mara nyingi sivyo. Makala haya yanaeleza namna saratani inavyosambaa mwilini, na kuonyesha kwa nini ni muhimu kuitaja kwa jina lake sahihi.

Jina la Ugonjwa

Neno saratani lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni kaa. Wagiriki wa kale nao waliupa ugonjwa huu jina la mnyama huyohuyo. Inaelezwa kwamba uvimbe uliozungukwa na mishipa iliyotutumka uliwakumbusha kaa aliyetandaza miguu. Picha hiyo yaonyesha jinsi uvimbe unavyong'ang'ania mahali ulipo, lakini haielezi unavyohama.

Safari ya Seli

Seli za saratani ni seli za mwili wenyewe zilizoacha kufuata utaratibu wa kukua na kufa. Huongezeka, hupenya nyama za jirani, kisha baadhi yake huingia katika mishipa ya damu au ya limfu. Nyingi hufia njiani. Chache hunasa katika mishipa myembamba, hutoka nje yake na kuanzisha uvimbe mpya. Uvimbe huo ndio wataalamu huuita metastasisi.

Kila saratani ina mwenendo wake. Damu itokayo kwenye utumbo mpana hupitia ini kwanza. Ndiyo maana saratani ya utumbo huo huhamia ini mara kwa mara. Saratani ya mlango wa kizazi aghalabu huvamia viungo jirani na tezi za limfu za nyonga kabla ya kufika mapafuni. Ya tezi dume hupendelea mifupa, hasa ya uti wa mgongo na nyonga. Kinyume chake, saratani inayoanzia ubongoni ni nadra kutoka nje ya ubongo na uti wa mgongo.

Mbegu na Udongo

Je, ni mkondo wa damu pekee unaoamua? Mwaka 1889, daktari Mwingereza Stephen Paget alichunguza kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya matiti. Aliona kwamba ini lilishambuliwa mara nyingi, ilhali bandama, ambalo pia hupokea damu nyingi, lilisalimika mara nyingi. Akahitimisha kwamba seli ni kama mbegu: hutawanywa kila upande, lakini humea penye udongo unaozifaa tu.

Mfano wa jambo hili uko kando ya mkono wa bahari wa Tudor, pande za Junda na Mishomoroni. Miche ya mkoko hudondoka majini, ikachukuliwa na maji yanapojaa na kupwa. Ile itupwayo mwambani hukauka. Inayonasa topeni humea. Na popote umeapo, mkoko ni mkoko. Vivyo hivyo, seli ya titi iliyomea mfupani ni ya titi bado. Kwa hadubini hutambulika hivyo, na hutibiwa kwa dawa za saratani ya matiti, si za mifupa.

Athari za Kauli

Ipo pia imani kwamba saratani ikiguswa kwa kisu husambaa. Ukweli ni kwamba, kwa kawaida, mgonjwa aliyechelewa hufika kwa mpasuaji seli zikiwa zimekwisha kuhama. Anayekimbia kisu kwa hofu hiyo huzipa mbegu muda wa kutafuta udongo. Bora zaidi ni kuzuia mbegu isiwepo: chanjo dhidi ya virusi vinavyosababisha saratani ya mlango wa kizazi ilizinduliwa Mombasa mwezi Oktoba 2019, ikiwalenga wasichana wa miaka 10.

Hitimisho

Mwanafunzi wa Kiswahili ndiye mkalimani na mwandishi wa vijitabu vya afya wa kesho. Akiandika "saratani ya matiti iliyohamia mifupani" badala ya "saratani ya mifupa", atakuwa ameongeza maneno mawili tu. Lakini kwa maneno hayo, jamaa wa mgonjwa wataelewa ni ugonjwa upi unaotibiwa, na kwa nini haukupaswa kusubiriwa.