Injini ya Gari la Kasi Ikilia: Upi Mlio wa Kawaida, Upi wa Hatari?



Wenzetu wa gereji za mashamba ya miwa na chai nchini Uganda wametuletea swali ambalo si la mshahara wala la saa za kazi, lakini mwisho wake hufika kwenye mshahara. Magari ya kasi yaliyokwisha tumika Japani yamejaa huko, hasa Subaru Impreza zenye turbo. Ni gari la jina hilo alilolitumia Colin McRae kushinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1997, na vijana wa Kampala na Mbarara wakiliona hawasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Mameneja nao wanalo, na likiharibika huletwa kwa fundi wa matrekta.

Kwanza ifahamike kwamba injini hii haikupangwa kama ya trekta. Pistoni zake nne zimelala, mbili kulia na mbili kushoto. Mabomba yake ya moshi, kwa magari mengi ya zamani, hayalingani urefu, ndiyo maana hunguruma kwa kukatakata. Ngurumo hiyo si ugonjwa. Tiki-tiki nyepesi na ya haraka ya nozeli za petroli nayo si ugonjwa. Bati la kukinga joto likilegea kwa kutu hutetemeka na kupiga kelele za kutisha. Kaza bolti, basi. Anayetaka kufungua injini kwa ajili ya hayo anyang'anywe spana.

Uko mlio mwingine unaotisha watu bure asubuhi. Injini ikiwashwa ikiwa baridi hugonga kama mtu anayebisha hodi kwa kifundo cha kidole, kisha baada ya dakika chache ikipata moto hunyamaza. Hiyo ni pistoni inayocheza ndani ya silinda kabla haijatanuka. Injini nyingi za aina hii zimeishi na mlio huo miaka mingi.

Sasa tuje kwenye kifo chenyewe, yaani beringi ya konrodi. Mlio wake ni mzito, wa chini, du-du-du, nao hufuata mwendo wa injini. Huu hauponi kwa moto. Mara nyingi huzidi, kwa sababu oili ikipata moto huwa nyepesi na haizibi tena pengo la beringi iliyolika. Pandisha injini hadi mizunguko 3,000 kwa dakika, kisha achia mafuta taratibu. Hapo hujitokeza waziwazi. Zima, chomoa soketi ya nozeli ya silinda moja, washa tena usikilize, halafu nenda kwenye inayofuata. Mlio ukipungua, umempata mgonjwa. Majaribio haya yawe mafupi. Kisha mwaga oili na pasua filta: ukiona chembe za chuma zinazong'aa, usibishane tena, gari livutwe kwa kamba. Likiendeshwa, konrodi inaweza kukatika na kutoboa ubavu wa injini, na hapo hakuna ovahoo, ni kununua injini nyingine.

Chanzo mara nyingi ni oili kupungua. Gari hili likizeeka hunywa oili, na likikata kona kwa kasi huku oili ni haba, pampu huvuta hewa. Basi oili ipimwe kila linapojazwa petroli, likiwa limesimama pahali tambarare.

Mlio wa kokoto ndani ya kopo, gari linapopanda mlima kwa gia kubwa, nao si wa kuchezea. Ni petroli inayolipuka kabla ya wakati wake, na huvunja pistoni. Magari ya kasi ya soko la Japani yalitengenezwa kwa petroli yenye okteni karibu 100, ambayo vituo vyetu vingi havina. Dereva apunguze mafuta mara moja, ateremshe gia.

Na kama kuna mkwaruzo upande wa mbele wakati wa kuwasha, tazama kikaza mkanda wa taimingi. Mkanda wenyewe hubadilishwa kila kilometa 100,000. Ukiruka meno, valvu hupinda.

Fundi mmoja mwanachama alimwambia bosi wake kwamba konrodi inagonga, gari lisiondoke. Liliondoka. Jioni lilirudi juu ya lori, na wiki hiyo akatangaziwa kukatwa mshahara. Kilichomwokoa ni kipande cha karatasi: tarehe, kilometa, kipimo cha oili, mlio aliousikia, na maneno "lisiendeshwe", chini yake sahihi ya dereva. Kamati ya tawi iliingia ofisini na karatasi hiyo, na makato yakafutwa.

Tumekwisha waomba makatibu wa matawi wenye gereji watoe daftari la namna hiyo. Kila ukurasa uandikwe nakala mbili, moja ibaki kwa fundi.