Kabla hujapanua throto ya ndai yako kwa msasa, hesabu hewa kwanza

Jumamosi, saa nne asubuhi. Ndai yako iko nje ya ploti, boneti juu, simu umeiegemeza kwenye betri. Kwenye skrini kuna jamaa wa ng'ambo amefunga msasa kwenye drili, anauzungusha ndani ya kitu cha alumini kinachofanana na kipande kifupi cha bomba. Mwishowe anawasha gari, linanguruma, anacheka. Ati ameongeza nguvu bila kutumia hela. Wewe unakumbuka kwamba keateka ana drili, unajiambia: hii hata mimi naweza.

Unaweza, kweli. Swali ni utapata nini. Mimi nimewahi kukaa kwenye kiti cha abiria cha gari lililofanyiwa hivyo, kwa hivyo nivumilie nikupigie hesabu kidogo kabla hujafungua hiyo skrubu ya kwanza.

Kitu chenyewe ni throto bodi, ambayo mafundi huiita throto tu. Ni mlango wa hewa wa injini. Ndani yake kuna kisahani kilichoshikwa na mhimili katikati, na ukikanyaga mafuta kisahani hicho hugeuka na kuacha hewa ipite. Wengi wetu tunadhani pedali inamwaga petroli. Hapana. Kwenye injini ya petroli mguu wako unafungua hewa. Kompyuta ya gari inapima hewa iliyoingia, kisha inaongeza petroli ya kiasi hicho. Hapo ndipo wazo la kupanua linapozaliwa: tundu kubwa, hewa nyingi, petroli nyingi, moto zaidi. Likisemwa hivyo linaonekana halina kasoro.

Sasa tuchukue injini ya 1500cc, ile iliyojaa kwenye Probox na Fielder za mitaani. Injini hii huvuta ujazo wake mzima mara moja kwa kila mizunguko miwili. Ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, ambako wengi wetu hatufiki hata siku tukichelewa kazini, inavuta kama lita 4,500 za hewa kwa dakika. Hizo ni lita 75 kwa sekunde. Tuseme tundu la throto yako lina upana wa milimita 50. Ukitoa nafasi inayozibwa na mhimili na kisahani, hewa inapita hapo kwa kasi ya mita 48 hivi kwa sekunde. Inasikika kama kimbunga, lakini kwa hewa kasi hiyo si ya kutisha: presha inayopotea pale mlangoni ni kama asilimia moja, au moja na kitu.

Haya, panua tundu hadi milimita 54. Eneo limeongezeka kwa zaidi ya asilimia 16, na ndiyo namba ambayo jamaa wa video atakutajia akitabasamu. Lakini eneo la mlango si nguvu ya injini. Ulichookoa ni sehemu tu ya ile asilimia moja iliyokuwa ikipotea. Kwa injini yenye nguvu za farasi 100 na kitu, umepata kama nusu farasi. Na hiyo nusu inapatikana kule juu kwenye mizunguko 6,000 peke yake, pedali ikiwa sakafuni. Kwenye jam ya Jogoo Road hupati hata ukwato.

Linganisha na kitu ambacho hakuna msasa utakaokitoa. Nairobi iko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyembamba kuliko ya Mombasa kwa kama asilimia 15. Yaani gari lile lile lisilo na turbo, likipanda kutoka Likoni hadi Lang'ata, linapoteza nguvu mara nyingi kuliko chochote ambacho throto yake inaweza kulinyima. Ndiyo maana mtu wa Pwani akija huku anasema gari yake imechoka. Haijachoka, inapumua hewa chache.

Najua kuna mmoja wenu ambaye ameshaenda Naivasha na mbogi ya Subaru kuangalia Safari Rally, na sasa ananiuliza: kama tundu halina maana, kwa nini magari ya WRC hufungwa kizuizi cha hewa ili yasizidi nguvu? Swali zuri. Hadi 2024 yale ya daraja la Rally1 yalipitisha hewa kwenye tundu la milimita 36 kabla ya turbo. Thelathini na sita! Na kupitia hapo injini ya lita 1.6 bado ilitoa nguvu za farasi zaidi ya 350. Ni kweli turbo inavuta kwa nguvu ambayo injini yako haina, na pale hewa hufikia kasi ya sauti hadi haiwezi kuongezeka tena. Lakini angalia upande wa pili: tundu dogo kuliko lako linalisha mashine yenye nguvu mara tatu ya yako. Ndai yako haijasongwa na throto.

Basi kwa nini kila aliyefanya hii kitu anaapa kwamba gari limekuwa jepesi? Hapa hakuna anayedanganya. Ukikanyaga pedali robo, kisahani kinageuka kiasi kile kile kama zamani, ila sasa tundu ni pana, kwa hivyo hewa inayopita kwa ile robo ni nyingi kuliko ya jana. Gari linaruka ukigusa tu. Ubongo unasema nguvu imeongezeka. Lakini ungekanyaga zaidi kidogo jana ungepata mruko ule ule, na ukifika sakafuni yote mawili ni sawa. Umebadilisha pedali, injini ni ile ile. Vile visanduku vya elektroniki wanavyokuuzia vya kufungwa kwenye pedali hufanya kazi hiyo hiyo bila kukata chuma: vinaidanganya kompyuta kwamba mguu umeenda mbali kuliko ulivyoenda.

Ubaya wa mruko huo utauona kwenye foleni. Gari linadunda. Kuliendesha polepole nyuma ya matatu inakuwa kazi, na petroli inaenda na kila mdundo.

Tuje kwenye kazi yenyewe, maana wengi wanakwama hapa bila kujua kwa nini. Kisahani cha throto ukikiangalia haraka ni duara kama sarafu. Si duara. Kikifungwa hakisimami wima kabisa, kinalala kidogo kwa nyuzi chache, kwa hivyo kimekatwa umbo la yai na kingo zake zimechongwa kwa mshazari. Ukipanua tundu lazima utengeneze kisahani kipya, na ukimwendea mtu wa lethi kule Kariobangi Light Industries ukamwambia akukatie duara la milimita 54, atakukatia duara safi sana la milimita 54. Litasimama wima na kukwama ndani ya tundu kama kifuniko cha sufuria kilichotumbukia. Likikataa kukwama, litavuja.

Kuvuja nako ni hadithi nyingine. Gari likiwa limesimama na injini inanguruma taratibu, hewa inayohitajika ni kidogo sana, na inapita kwenye mwanya mwembamba ambao kiwanda kilipima kwa makini. Drili ya mkononi haitoboi duara kamili. Inaacha bonde huku na kilima kule. Utawasha gari likae kwenye mizunguko 1,800 badala ya 750, au lipande na kushuka kama mtu mwenye pumu. Ukichomeka mashine ya kupima utaona kodi kama P0507, yaani injini inazunguka haraka kuliko inavyotakiwa. Kama throto yako ni ile ya mota ya umeme na si ya kebo, kompyuta inajua kisahani kikiwa nyuzi kadhaa hewa inayostahili kupita ni kiasi gani. Hesabu ikikataa inawasha taa, na wakati mwingine inakupunguzia mwendo kabisa hadi ufike kwa fundi.

Yote hayo ni usumbufu na chapaa. Lililonifanya niandike ni skrubu.

Kisahani kinashikwa kwenye mhimili na skrubu mbili ndogo. Kiwandani, zikishakazwa, ncha zake hupondwa kwa nyuma ili zisifunguke maisha. Binamu yangu alipofanya kazi hii nyuma ya nyumba yao, alizisaga zile ncha, akatoa kisahani, akapanua, akarudisha skrubu zile zile, akazikaza kwa nguvu zake zote. Hakuponda. Hakutia hata gundi ya skrubu. Gari lilikuwa la 1500cc, throto ya kebo, gia za mkono. Wiki mbili lilienda vizuri na sote tulimpigia makofi.

Jumapili moja jioni tulikuwa Northern Bypass. Alikanyaga kupita lori, akalipita, akaachilia. Pedali ilirudi nusu, gari likaendelea kuvuta. Mbele yetu kulikuwa na pikipiki ya mzigo wa nyasi. Nakumbuka alitazama miguu yake kama mtu aliyepoteza kiatu. Kisha akapiga breki, akaachilia, akapiga tena, akaachilia, na mara ya tatu pedali ya breki ikawa ngumu kama ukuta. Aliyetuokoa ni mguu wake wa kushoto. Alibana klachi, injini ikapiga kelele hadi kompyuta ikaanza kuikata petroli, na tukaserereka kando ya barabara, tukasimama kwenye changarawe. Mwenye pikipiki hakujua lolote. Alienda zake.

Tulipofungua pale pale kwa mwanga wa simu, skrubu moja ilikuwa imetoka nusu na kichwa chake kimeegemea ukuta wa tundu. Kisahani hakingeweza kufunga. Ingetoka nzima, ingemezwa na injini.

Lile la breki kuwa ngumu lijue hata kama hutawahi kugusa throto maishani, maana kebo kuukuu au kapeti iliyokunjika chini ya pedali inaweza kukuletea shida ile ile. Kwenye magari mengi ya petroli breki husaidiwa na mvuto wa hewa kutoka kwa injini, na mvuto huo unakuwepo throto ikiwa imefungwa. Throto ikikwama wazi, unabaki na akiba ya mara moja au mbili. Ukipigapiga unaimaliza. Kwa hivyo bonyeza breki mara moja, kwa nguvu, usiachilie. Hapo hapo tia nyutro, iwe ni gari la otomatiki au la mkono. Injini itapiga mayowe, iache ipige. Usizungushe ufunguo hadi mwisho gari likiwa mwendoni, maana usukani unaweza kujifunga. Zima ukishasimama.

Kama baada ya haya yote bado unahisi injini yako imesongwa, kuna njia ya kujua bila kukata kitu. Azima geji ya kupima mvuto wa hewa, ile ya mafundi yenye mpira mrefu, uichomeke kwenye mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi ya hewa. Usitumie ule wa breki. Pata barabara tupu au uwanja mkubwa, tia gia ya kwanza, kanyaga sakafuni hadi karibu na mizunguko 5,500, na mwenzako asome sindano. Ikikaa karibu na sifuri, hakuna kinachozuia hewa na hakuna cha kupanua. Sindano ikipanda, yaani kuna mvuto hata mlango ukiwa wazi kabisa, anza na eya klina. Mara nyingi utakuta imejaa vumbi la miaka mitatu, au kuna panya aliyejenga. Hiyo unabadilisha kwa dakika tano.

Throto yenyewe ioshe tu. Masizi meusi hukusanyika kwenye kingo na kufanya gari lizime taa za trafiki zikiwaka nyekundu. Tumia dawa ya kupulizia ya throto na kitambaa laini. Usitumie msasa wala brashi ya waya, kwa sababu baadhi ya throto zina rangi maalum ya kuziba mwanya pembeni mwa kisahani, na nimeona fundi akiikwangua akidhani ni uchafu. Ya mota usisukume kisahani kwa kidole gari likiwa limewashwa.

Wapo wanaohitaji throto kubwa kwa haki. Kama umebadilisha kemshafti, umeongeza kompresheni na injini yako inaishi juu ya mizunguko 6,500 kwenye mashindano, sindano ya geji itakuambia. Hapo tafuta throto kamili ya injini kubwa ya familia hiyo hiyo, ilinganishe na tundu la manifoldi ili kusiwe na ngazi katikati, kisha gari lipangiwe kompyuta upya. Usichonge ya zamani.

Binamu yangu alinunua throto nzima ya mtumba Kirinyaga Road wiki ile ile. Pamoja na gasketi na nauli, ilimgharimu kuliko alivyodhani ameokoa. Ile aliyoichonga iko juu ya friji yao, inang'aa kama sufuria mpya, na mama yake huweka ndani yake risiti za stima.