Ni lugha gani yenye maneno mengi zaidi?

Je, mpenzi msomaji, nani alikuambia kwamba Kiswahili ni lugha maskini?

Majuzi nikiwa katika matatu kutoka Njoro kuja Nakuru, kijana mmoja wa chuo kikuu alikuwa akimweleza mwenzake kwamba Kiingereza kina maneno nusu milioni, ilhali Kiswahili hakijazi hata daftari. Mzee aliyeketi nyuma yao akashindwa kuvumilia.

"Kijana wangu, kwa Kizungu mpunga huitwaje?"

Kijana akajibu.

"Na mchele? Na wali?"

Mara zote tatu neno likawa lile lile, na abiria wakaangua kicheko. Kusema kweli mzee alimwonea kidogo, maana Kiingereza nacho kina neno la mpunga, ila kijana hakulikumbuka.

Ile nusu milioni si uongo. Kamusi kubwa ya Oxford ina maneno zaidi ya 500,000. Lakini hebu tazama yalivyokusanywa. Kazi yenyewe ilipendekezwa London mwaka wa 1857, sehemu ya kwanza ikatoka 1884 na ya mwisho 1928. Humo mna hata maneno yaliyokufa karne nyingi zilizopita, ambayo Mwingereza wa leo hajapata kuyasikia. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotungwa na TUKI katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka mara ya kwanza 1981. Wachina nao wana kamusi ya mwaka wa 1716 yenye herufi zaidi ya 47,000, na bado msomaji wa gazeti kule hutosheka na elfu chache tu.

Halafu, neno ni nini? Chukua kitenzi "funga". Watu ni sita, tangu mimi hadi wao. Chukua nyakati nne tu: ninafunga, nilifunga, nitafunga, nimefunga. Tayari una maneno 24. Yakanushe yote (sifungi, sikufunga, sitafunga, sijafunga), yanakuwa 48. Bado hujagusa fungia, fungwa, fungisha, wala fungua na ukoo wake. Kamusi huandika "funga" na minyambuliko michache, basi. Mwingereza akitaka kusema "hatukufunguliana" atahitaji maneno kama saba hivi. Waturuki na Wafini nao hujenga maneno marefu kwa namna hiyo.

Basi tumewashinda Waingereza? La, hesabu hiyo nayo ni ya hila. Anayekupa idadi ya maneno ya lugha anakupa idadi ya maneno ya kamusi fulani.

Ubishi huu ungekuwa wa kupotezea safari tu, lakini sivyo. Tulipokuwa shule ya msingi, aliyenaswa akisema lugha ya mama alivishwa kipande cha ubao shingoni, akashinda nacho hadi amnase mwenzake. Wengi tulitoka pale tukiamini kwamba lugha za nyumbani hazina maneno ya kutosha. Leo sisi ndio wazazi.

Wamaasai wana maneno chungu nzima ya rangi na mabaka ya ng'ombe. Jirani yangu hapa Nakuru alitembelewa na mama yake kutoka Narok. Ajuza alipopita ng'ombe barabarani, alimtaja kila mmoja kwa neno lake. Mjukuu aliyeshikwa mkono akauliza, "Nyanya, unamaanisha yule wa madoadoa?"